Maharage ya kilima chetu niliyoyapeleka Kordoba, na mkono ulioyapokea

Wakuu, kwa umri wangu ningekaa nisubiri shikamoo zenu, lakini tuache hayo. Leo mimi ndiye niliyekuja kwenu.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu ya mjukuu wangu, na macho hayana nguvu tena, kwa hiyo mkikuta herufi imekimbia mnisamehe. Habari yenyewe nilikuwepo. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa kijana mmoja humu. Juzi aliweka picha za mji wa Kordoba, Hispania. Kuna picha ya nguzo za msikiti wa zamani, kuna kichochoro cha Wayahudi, na kuna ua wa nyumba fulani wenye vyungu vya maua ukutani. Chini yake akaandika kwamba dini tatu ziliishi pale pamoja, na kwamba dunia nzima inapaswa kujifunza kutoka kwao.

Mkampa like kibao. Mmoja wenu akaandika "hii ndiyo amani".

Mimi nilifika Kordoba miaka ya hamsini, kabla baba zenu wengi hawajazaliwa. Sikuwa mtalii. Nilikuwa mpishi, na nilibeba kifurushi cha maharage.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Masisi, Kivu ya Kaskazini, Kongo. Kilima chetu kiko upande wa Mushaki, ukipanda kutoka Sake. Baridi ya pale asubuhi inauma masikio. Tulilima maharage, mahindi, viazi vitamu, na bondeni mihogo kidogo. Baba yangu, Papa Zakariya, alikuwa mkatekista. Alifundisha watoto sala siku za wiki, na Jumapili aliongoza ibada padri asipofika, na padri alikuwa hafiki mara nyingi.

Ukoo wetu ndio uliokata msitu wa kilima kile. Kwa hiyo tuliitwa wenye udongo.

Hapa naomba mnielewe vizuri, maana bila hili uzi wote hautakuwa na maana kwenu. Kwetu, mgeni akija kutafuta pa kulima hafukuzwi. Anaoneshwa mahali. Lakini akivuna mara ya kwanza, analeta kikapu kidogo cha maharage kwa mwenye udongo, anakitoa kwa mikono miwili. Mwenye udongo anachukua punje moja, anaitafuna mbichi, anatema kidogo chini, anamwambia, "Kaa." Basi. Tangu siku hiyo mgeni ni jirani na hakuna wa kumgusa.

Na yule aliyetoa amekubali mbele ya watu kwamba aliyetafuna ndiye mwenyewe. Hakuna karatasi. Punje imeshapita kooni.

Watu wengi walikuja kwa baba yangu na babu yangu kwa njia hiyo. Wengine walikuwa na ng'ombe wengi kuliko sisi, wengine walikuwa na nguvu kuliko sisi. Wote walileta kikapu.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini, vita vya Wazungu vilipokwisha, akaja Bwana. Sitamtaja jina, wajukuu wake hawajanikosea. Alikuja na karatasi ya serikali ya Wabelgiji iliyosema kwamba ardhi ile ni tupu.

Tupu! Sehemu ya chini ya kilima tulikuwa tumeilaza misimu miwili ipumzike, kama kila mkulima mwenye akili anavyofanya. Wao walipita wakaona majani, wakaandika tupu. Akapanda pareto, yale maua meupe ya kuua wadudu.

Kwa haki, Bwana hakuwa mkatili. Wapo waliokuwa wanapiga watu, yeye hakupiga. Tatizo lake ni kwamba alituona kama watu waliokuta kilima kile kwa bahati, kama ndege wanavyokuta mti.

Mimi nilikuwa nimesoma seminari ndogo miaka miwili, nikaugua kifua, wakanirudisha nyumbani. Nilijua Kifaransa, nilijua Kilatini cha misa, na sikujua kazi yoyote. Madame, mke wa Bwana, akanichukua jikoni. Yeye hakuwa Mbelgiji. Alikuwa Mspaniola, mzaliwa wa huo huo mji wa Kordoba.

Nilikaa jikoni pale miaka mitano. Kazi ya mpishi wa Mzungu wakati ule, wakuu, ilikuwa na sala moja tu: "Ndiyo Bwana." Anasema leta, unaleta. Anasema toa, unatoa. Unafika mahali mwili unasikia kabla ya masikio. Kumbukeni hilo.

Sasa mwaka mmoja Madame akapata barua kwamba mama yake anaumwa. Wakaamua kwenda miezi mitatu, wao na watoto wawili. Wale watoto walizoea chakula changu na hawakula cha mwingine, kwa hiyo Madame akasema Benedikto anakuja nasi. Benedikto ndiye mimi.

Kabla ya safari Bwana akatangaza jambo. Akirudi, atapandisha ng'ombe wake sehemu ya juu ya kilima.

Sehemu ya juu ndiko kulikokuwa na nyumba zetu, na chemchemi yetu, na makaburi. Babu yangu yupo pale, bibi yangu, na wadogo zangu wawili waliokufa kwa surua.

Baba alipanda njia hadi kwa msimamizi wa teritwari, Mzungu wa serikali pale Masisi, kofia mkononi. Yule hakuwa mtu mbaya. Alimwambia: karatasi ya Bwana siwezi kuichana, lakini suala la makaburi na chemchemi nitawauliza wazee wa baraza la Mwami, chifu wenu. Wakisema sehemu ile haijawahi kutoka mikononi mwenu, nitaikata kwenye karatasi ibaki yenu. Baraza litakaa Bwana akirudi kutoka Ulaya.

Kwa hiyo kulikuwa na mlango, mwembamba, lakini ulikuwepo.

Siku ya kuondoka baba aliniita nje. Alikuwa na kifurushi cha kitambaa, maharage yetu yale meupe yenye jicho jekundu. Hayo yalikuwa ya kilima chetu, sijawahi kuyaona kwingine.

Akasema, "Benedikto, unaenda kwa udongo ya bantu bengine. Usiingie kama mwizi. Utafute mwenye udongo ya kule, umupatie hii. Na umupatie mbele ya Bwana, aone na macho yake."

Nikauliza, "Aone nini, Papa?"

"Aone vile muntu anaingia kwa benzake. Ule muntu hakufundishwa. Akiona, atapata haya. Atakuja kwetu na kikapu, hata iwe na punje moja. Akileta punje moja, mimi nitamwambia 'kaa', tutakuwa majirani, na atatuachia bafu wetu."

Wafu wetu, alimaanisha. Halafu akanishika mkono, akakaza.

"Lakini yeye usimupatie. Unasikia? Hata moja."

Nikasema nimesikia.

Mtacheka mkisema mzee yule alikuwa mshamba. Hakuwa mshamba. Alikuwa ameishi maisha yake yote akifundisha watu kwa kuwaonesha, na wengi walibadilika. Aliamini Mzungu naye ni mtu.

Safari siielezi sana. Ndege mbili, halafu treni siku mbili na vumbi. Nilitapika kwenye ndege ya kwanza, ya pili nikalala. Kwa treni nilipita nchi tatu na sikuona mtu hata mmoja wa rangi yangu. Nilikaa na kifurushi mapajani njia nzima.

Kordoba tulifika mwezi wa tatu. Ni mji mzuri, sitadanganya kwa sababu ya hasira zangu. Kuna mto na daraja refu la mawe, kuna michungwa barabarani ambayo hakuna anayekula matunda yake kwa sababu ni machungu. Kila nyumba ina ua katikati, wenye vigae chini na vyungu ukutani. Wanawake wanamwagilia vile vya juu kwa kopo lililofungwa kwenye kijiti. Nyumba ya mama yake Madame ilikuwa hivyo. Bibi yule alikuwa amekonda, anakaa kwenye kiti uani siku nzima, na alinipenda. Wengine mtaani walinigusa nywele. Mmoja alifanya ishara ya msalaba aliponiona, nami nikafanya yangu, akashangaa kuona naijua.

Nikaanza kumtafuta mwenye udongo.

Nilianzia kanisa kuu, kwa sababu ndilo kubwa. Ukiingia, wakuu, unaingia msikiti. Nguzo na nguzo na nguzo, juu yake matao ya mistari myekundu na myeupe, unatembea humo kama kwenye msitu uliopandwa kwa kamba. Halafu katikati ya msitu ule unakuta wamekata, wamefyeka kabisa, wamesimamisha kanisa lenye paa refu.

Palikuwa na mzee wa sakristia anayepangusa vinara. Sikujua Kispaniola. Nikajaribu Kilatini changu kibovu cha seminari: mwenye nchi hii yuko wapi? Alinitazama muda, akaelewa. Akaonesha juu, Mungu. Nikatikisa kichwa nikaonesha chini, sakafuni. Akafikiri. Akaonesha nyumba ya askofu ng'ambo ya barabara. Nikaonesha zile nguzo, nikauliza, na hawa? Akafanya mkono kama mtu anayefukuza kuku.

Basi wale wa nguzo walikuwa wamefukuzwa.

Madame ndiye aliyenipeleka kwenye kichochoro cha Wayahudi, nilipomuuliza. Alinionesha sinagogi lao, chumba kidogo tu, kuta zina maandishi yao yaliyochongwa kama shanga. Nikamuuliza, wenyewe wako wapi? Akasema katika Kiswahili chake cha Mushaki, "Benedikto, hapa Juifu hapana hata moja. Walifukuzwa zamani sana."

Jina la mtaa ni lao, ukuta ni wao, na hakuna hata mmoja wa kumpa punje.

Nikamuuliza na kabla ya Waislamu? Akasema palikuwa na kanisa hapo hapo, likavunjwa. Na kabla yake? Warumi. Na kabla ya Warumi hakujua.

Ndiyo maana kijana wangu, picha zako ni nzuri, lakini unapoandika dini tatu ziliishi pamoja, malizia sentensi. Labda waliishi, sikuwepo. Mimi niliwatafuta wawili kati ya watatu mchana kweupe, kwa miguu yangu, sikuwapata. Kuta ndizo zilizokuwa zinaishi pamoja.

Jumapili moja tulikwenda wote misa katika lile kanisa lililo ndani ya msikiti. Baada ya misa Bwana akawa anawaeleza watoto, nami nimesimama nyuma yao nimeshika makoti. Aliwaeleza nani alijenga na nani alivunja. Alipofika pale katikati, mahali nguzo zilipokatwa, Madame akasema ni dhambi walichofanya, walivunja kitu kisichokuwepo popote ili wajenge kitu kilichopo kila mahali.

Bwana akatikisa kichwa kwa huzuni. Akawaambia watoto wake kwa Kifaransa, polepole, ili washike: "Kitu cha wazee wa watu hakiguswi. Hata ukiwa na nguvu."

Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Wakuu, moyo wangu uliruka. Nilisema baba alikuwa sahihi, mtu huyu anafundishika! Alikuwa hajaoneshwa tu. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikijiambia leo nitazungumza.

Chakula kililiwa uani. Nilikuwa nimepika kuku. Bibi alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, Madame, watoto, na binamu zake wawili. Bwana alikuwa amekunywa divai kidogo, amefurahi.

Akaniuliza, "Benedikto, ile kifurushi unatembeza kila fasi, iko na nini ndani?"

Nikaona Mungu amefungua mlango mwenyewe. Nikaleta kifurushi. Nikakifungua mezani. Nikaeleza yote: mgeni, kikapu, mikono miwili, punje mbichi, kutema, "Kaa". Niliigiza hata sauti ya babu. Bwana alikuwa anawatafsiria binamu za mkewe, wanasikiliza, wanapendezwa. Nikaeleza kwamba nimemtafuta mwenye udongo wa Kordoba wiki nane sijampata.

Halafu nikajikaza nikasema, "Na Bwana pia, kule kwetu Mushaki, Papa yangu anangojea..."

Sikumaliza. Bwana alikuwa ameanza kucheka.

"Benedikto! Wayahudi walienda. Waislamu walienda. Unatafuta nini? Mwenye udongo ni ule anakaa juu yake leo. Njo vile dunia iko." Akanyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja wazi. "Leta."

Hapa ndipo nimekwama kwa miaka yote hii.

Nilikuwa nimeambiwa. Hata moja, alisema. Nilikuwa nimemsikia. Lakini mtu aliyesema "leta" alikuwa ni yule aliyesema "leta chumvi" na "leta maji ya moto" kwa miaka mitano, kwa sauti ile ile. Mkono wangu ulitii kabla kichwa hakijafika. Tena mikono yote miwili, wakuu. Mama yangu alinilea vizuri, sijui kumpa mtu mkubwa kitu kwa mkono mmoja.

Akachukua punje moja. Akaitafuna. Ilimshinda, maharage makavu ni magumu, akakunja uso akatema kwenye vigae. Akasema "Kaa!" kwa ile sauti ya babu niliyomfundisha mimi mwenyewe.

Meza nzima ikacheka, watoto wakarukaruka wakisema kaa, kaa.

Mimi nilicheka pia. Nawaambia ukweli, na huu ndio mchungu kuliko wote. Nilicheka.

Madame peke yake ndiye hakucheka. Alimwambia mumewe neno kwa Kispaniola, akaanza kuokota punje zilizomwagika. Bibi akaomba apewe chache. Alichomeka tatu kwenye chungu kimoja ukutani, katikati ya maua yake, kwa kidole. Zilizobaki nikazipika kesho yake, kwa sababu niliambiwa nizipike.

Tulirudi mwezi wa sita.

Baba alikuwa ananisubiri mlangoni, hata sanduku sijatua. Aliniuliza mbele ya mama.

"Ulimupata mwenye udongo?"

Nikasema, "Nilimupata, Papa. Muzee moja kwenye mulango ya kanisa yao. Alitafuna, alisema nikae."

"Na Bwana aliona?"

"Aliona."

"Alisema nini?"

Nikajibu, "Alinyamaza tu."

Baba alifunga macho akashukuru. Kesho yake aliwaambia watu wote kanisani. Alianza kufagia njia kutoka shambani kwa Bwana hadi kwetu, kila asubuhi, ili mgeni wetu akija na kikapu chake asichafue viatu.

Nilimwona akifagia siku kumi na tisa. Kila siku nilijiambia kesho nitamwambia.

Baraza likakaa. Mwami kwenye kiti chake, wazee pembeni, msimamizi wa teritwari na karani wake. Bwana alikuja, kofia mapajani. Watu wa kilima wote walikuwepo.

Baba alisimama akaongea vizuri sana, sijawahi kumsikia akiongea vile hata kanisani. Alitaja waliozikwa pale, mmoja mmoja. Aliwataja wageni wote waliowahi kuleta kikapu, na waliokuwepo wakaitikia. Mwisho akasema, "Bwana huyu hatujagombana naye. Lakini katika mikono yetu na mikono yake hakujapita kitu. Hatujampa. Hajatupa. Udongo wa juu uko vile babu yangu aliuacha."

Mzee mkubwa wa baraza akamgeukia Bwana kupitia kwa karani. Je, ni kweli hakujapita kitu?

Bwana hakuwa na hasira. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo la kuchekesha. Akasema, "Mbona mutoto wake alinipatia maharagi? Kule Kordoba. Nilitafuna, nilitema, nilisema 'kaa'. Vile vile alinielezea. Mumuulize."

Nikasikia mbuzi wa mtu analia kule barabarani.

Baba hakumwangalia Bwana. Alinigeukia mimi. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kwa sababu alikuwa na uhakika nitasema hapana.

"Benedikto. Sema mbele ya bazee. Ni kweli?"

Ningeweza kukana. Neno langu na la Mzungu, kwenye baraza la wazee wetu, sijui. Labda msimamizi asingeniamini, labda wazee wangeniamini. Lakini baba alikuwa ananitazama, na uongo mmoja kwake ulikuwa umeshaniozea tumboni. Wa pili haukupita.

Nikasema, "Njo vile, Papa. Ni kweli."

Baba alikaa chini taratibu, akiutafuta mkeka kwa mkono kama kipofu.

Yule mzee mkubwa wa baraza akawaangalia wenzake. Akasema kwa sauti ndogo, "Basi imetafunwa." Wazee hawakuwa na namna. Desturi ile ndiyo iliyotulinda sisi kwa wengine wote, wasingeivunja siku moja kwa ajili yetu. Msimamizi akaandika.

Bwana alikuwa na karatasi. Sisi tulikuwa na desturi. Mimi nikampelekea na desturi, hadi Ulaya, kwa mikono miwili.

Sidhani hata alijua amefanya nini. Alipokuwa anatoka alinipiga bega, akaniambia kesho niwahi, wana wageni.

Sikwenda. Hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho nilipomkatalia, na haikumsaidia mtu.

Ng'ombe walipanda kabla ya mvua. Hatukungoja kuwaona wakisimama juu ya babu. Mama alikuwa na dada yake aliyeolewa Walikale, kwa hiyo tukashuka huko, siku nane kwa miguu, kutoka kwenye baridi yetu kuingia kwenye msitu wenye joto na matope. Njia nzima baba aliongea na mama, na wadogo zangu, hata na mbuzi. Nami aliniambia tu yale ya lazima: shika hapa, pumzika.

Walikale walitupokea vizuri. Tulipelekwa kwa mwenye udongo wa kijiji kile, mzee mmoja mcheshi. Hatukuwa na mavuno, kwa hiyo mama alikuwa amebakiza kikapu cha maharage yetu, ya mwisho, badala ya kuyafanya mbegu.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kwa kawaida mtoto wa kwanza ndiye anayembebea baba kikapu na kukitoa, baba anasema maneno. Nikakichukua. Nikapiga magoti, nikanyoosha mikono yote miwili.

Baba akakichukua kikapu kutoka mikononi mwangu, bila hasira, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Wewe hapana," akasema.

Akapiga magoti yeye mwenyewe, mzee na magoti yake mabovu, akatoa.

Aliishi miaka mitatu baada ya hapo. Alinisamehe, aliniambia kwa mdomo wake, na alikuwa hasemi uongo. Lakini hakunipa tena kitu chochote nimpelekee mtu. Hata chumvi kwa jirani alimtuma mdogo wangu.

Maharage yetu hayakupenda Walikale. Yalipanda juu majani matupu, mvua ikayaozesha maua. Msimu wa tatu hatukuwa na punje hata moja ya jicho jekundu. Tukawa watu wa mihogo kama wenzetu. Baadaye wakoloni waliondoka, nikarudi Mushaki kutafuta mbegu, nikaulizia kila soko hadi Sake na Kirotshe. Wazee waliyakumbuka, lakini aliyekuwa nayo hakuwepo.

Sasa funzo, maana najua mnalitaka.

La kwanza ni kwa wasafiri. Ukifika mahali pazuri, kabla hujapiga picha, uliza mwenyewe yuko wapi. Wakikuonesha kama wanafukuza kuku, jua umesimama juu ya nini.

La pili ni langu. Aibu ukiificha kwa baba yako, atakuja kuisikia kwa adui yake, mbele za watu. Ningemwambia siku ile ile mlangoni angenipiga, angelia, halafu angetafuta maneno mengine ya kusema barazani. Nilimwacha afagie njia siku kumi na tisa.

Karibuni mseme. Mkiniita mjinga sitabisha, na mkinitetea sitaamini.

Lakini kuna jambo moja namtaka yule kijana wa picha.

Ile picha yako ya tatu, ya ua wenye vyungu. Nimemwambia mjukuu anioneshe namna ya kuikuza kwa vidole viwili, nikaikuza mpaka ikawa ukungu. Vigae navijua, au najidanganya, nyumba za kule zinafanana. Ukutani, kushoto, juu ya kile chungu cha bluu, kuna majani matatu matatu yanayopanda kamba. Mjukuu anasema ni ua tu. Bibi yule alichomeka punje tatu, nilimwona, na udongo wa pale ni mkavu, maua hayaozi.

Kama bado upo Kordoba, rudi pale. Piga hodi. Uliza kama ule mmea unazaa, na kama punje zake ni nyeupe zenye jicho jekundu.

Zikiwa ndizo, usizile, na usimpe mtu. Ziweke mfukoni, uniandikie, nimtume mjukuu wangu azifuate.

Mimi hapana.